Muziki wa Betri Moja

Askari waliing'oa redio ya kamioni yetu kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, pale Kanyabayonga, mwaka wa kwanza wa vita vya pili vya Kongo. Tangu siku hiyo, mbele ya siti palibaki shimo la mraba lenye nyaya zinazoning'inia. Baba alilifunika kwa kitambaa cheupe. Alipokufa, kaka yangu Muyisa akarithi kamioni, na kitu cha kwanza alichofanya ni kukiondoa kitambaa kile. Alisema kinamkumbusha sanda.

Tulikuwa wawili katika kazi. Muyisa aliendesha, mimi niliuza. Tulipakia makabichi na viazi hapa Butembo, tukashuka Beni, tukarudi na mafuta ya mawese. Abiria walikaa juu ya mizigo. Mwaka wa 2002 madereva wa Kimemi, mtaa wetu, walianza kutia muziki wa CD ndani ya magari, na abiria nao wakaanza kuchagua. Mtu alikuwa amekwisha kukaa vizuri juu ya magunia yetu, akisikia gitaa kwenye gari la nyuma, anateremka bila hata kuaga.

"Gari yako ni bubu, Muyisa," dereva mmoja aitwaye Kakule alimwambia parkingini, mbele ya watu. "Ama unabebaka maiti?"

Watu walicheka. Muyisa alicheka pia, lakini jioni ile hakumaliza chakula chake, na kesho yake tukaenda kwa Jumaine.

Jumaine alikuwa fundi wa redio. Kibanda chake cha mbao kilikuwa nyuma ya parkingi, na mdomo wake haukujua kupumzika.

"Unataka CD ya matajiri ao ya bantu kama siye?" aliuliza.

"Onyesha zote."

Alitoa kwanza redio nzima ya CD iliyotoka Dubai, ingali ndani ya plastiki. Muyisa aliishika, akauliza bei, akairudisha polepole kwa mikono miwili. Kisha Jumaine akatuonyesha kaseti bandia yenye waya mwembamba: unaiingiza kwenye redio ya zamani, waya unauchomeka kwenye CD ndogo ya mkononi, muziki unapita. Halafu kidude kidogo kama kiberiti, kinachorusha muziki wa CD hewani mpaka redio ya gari iukamate kama stesheni.

"Hizi mbili bei yake ni ya chini," akasema. "Lakini zinaomba ukuwe na redio. Weye uko na shimo."

Wateja waliokaa kwenye benchi wakapasuka kwa kicheko. Jumaine aliinama, akavuta chini ya meza CD ya gari iliyokwisha kutumika, isiyo na kifuniko, matumbo yake yote nje.

"Kwa mutu wa shimo, ni hii."

Ilikuwa ya volti kumi na mbili. Kamioni yetu ilikuwa na betri mbili zilizofungwa pamoja, nazo zilitoa volti ishirini na nne. Kupunguza nguvu hiyo kulihitaji kifaa kingine, na kifaa hicho kilikuwa ghali kuliko CD yenyewe. Lakini madereva wengi wa Kimemi hawakukinunua. Walivuta waya kwenye betri moja tu. CD ilikula kwa betri moja, na kamioni iliwaka kwa zote mbili.

"Sikia sasa," Jumaine alisema huku akikaza skrubu. "Betri ya kushoto itafanya kazi ya babili. Kila juma uzigeuze: ya kushoto iende kuume, ya kuume ikuye kushoto. Na ukizima moteur, muziki pia uzime. Unasikia?"

"Ninasikia, mwalimu wa betri."

"Unanichekelea. Gari haichekake."

Ile CD isingeweza kukaa shimoni hivihivi, kwa maana kwenye barabara yetu disku ingerukaruka kama panzi. Jumaine aliizungushia ponji ya godoro, kisha akaitundika kwa vipande vinne vya mpira wa baiskeli, ikawa inabembea pale ndani kama mtoto mgongoni. Spika aliziweka ndani ya masanduku ya sabuni. Muyisa alipobonyeza, sauti ilitoka safi sana hata mimi, nisiyependa watu wanitazame, nilijikuta natikisa bega. Kakule alisimama mlangoni, akasikiliza, akarudi kwenye gari lake. Muyisa aliendesha mpaka nyumbani mkono mmoja ukiwa dirishani.

Betri hazikugeuzwa wiki ya kwanza, wala ya pili. Ili mtu aelewe kwa nini, lazima ajue mji wetu. Butembo ni vilima. Hapa hakuna dereva wa gari kuukuu anayelaza gari lake mahali pa tambarare. Unaliegesha mteremkoni, mbele ya gurudumu unaweka kipande cha mti tunachokiita kale. Asubuhi mtu anakivuta, gari linateremka lenyewe, dereva anaachia klachi, moteur inawaka. Kuvuta kale ilikuwa kazi yangu. Baba alifanya hivyo, na madereva wote wa mtaani walifanya hivyo, ili kutunza betri. Basi kila asubuhi kamioni iliwaka, na kwa kuwa iliwaka, hatukuziuliza betri habari zake. Zingekuwa zimekufa tangu juzi, bado tungeteremka kilima tukiimba.

Mwezi wa kumi na mbili tulifika Mbau, kaskazini mwa Beni, kwa mama mukubwa Florentine. Yeye ni dada mkubwa wa mama yetu. Mama alipofariki, ni yeye na mume wake, baba mukubwa Esdras, waliotulea mpaka baba alipoweza kutuchukua tena. Esdras ndiye aliyemfundisha Muyisa baiskeli, na ndiye aliyemfundisha kusoma alama za barabarani, akizichora mchangani kwa fimbo. Baadaye, akikata vishada vya mawese, alianguka kutoka juu ya mchikichi, na tangu hapo miguu yake haikumtii. Alikaa amelala, au ameegemea ukuta kwa muda mfupi.

Watu waliokimbia vita upande wa Mambasa walikuwa wanapita mbele ya nyumba yao kila siku. Florentine alitaka kuja Butembo na mume wake pamoja na wajukuu. Tatizo lilikuwa moja, nalo kila mtu alilijua: wengine wangeweza kutembea, Esdras hakuweza.

Muyisa aliegesha kamioni karibu kabisa na mlango, akafungua muziki ili mzee asikie.

"Sauti safi namuna hii!" Esdras alisema, akijiinua kwa viwiko. "Muimbaji amejificha wapi, ndani ya kabini?"

"Iko ndani ya shimo, baba mukubwa."

"Gari ya baba yako ilikuwa inakohoa tu. Sasa inaimba. Florentine, unasikia? Mimi sitaenda Butembo kama kabichi. Nitaenda na fanfare, tarumbeta na ngoma."

"Wacha maneno, weye mutu wa kulala," Florentine akasema, lakini alikuwa anacheka.

Siku ile kamioni ilikuwa imejaa mapipa ya mawese mpaka juu, hapakuwa na mahali pa kumlaza. Florentine naye alitaka kwanza kuvuna mpunga wake. Muyisa akapiga hesabu ya safari ijayo, mpaka Alhamisi, siku tunayoiita ya ine.

"Siku ya ine, baba mukubwa. Tutalala Beni siku ya tatu, tutashusha makabichi, na asubuhi yake gari itakuwa bule, bila mizigo. Kabla bantu bapike bugali, niko hapa."

"Siku ya ine?"

"Siku ya ine. Mimi mwenyewe."

Esdras alimshika mkono, hakuuachia haraka. "Basi mutu asinisumbue na mambo ya kunibeba. Niko na gari."

Jumatano ya safari ile tulishusha makabichi kwenye soko la Beni mapema. Mji ulikuwa umejaa askari na wakimbizi. Muyisa alizima moteur, akaacha muziki uendelee kidogo wakati mimi nahesabu magunia matupu. Watoto walikuja, vijana wakaja, mwisho wakaja askari watatu wenye bunduki begani.

"Chauffeur! Tia ndombolo!"

Muyisa aliitia. Ulipoisha wimbo, alinyoosha mkono kuzima.

"Nani amekwambia uzime? Tia ingine."

Alitia nyingine. Sijui kama alikubali kwa hofu au kwa fahari, kwa sababu alikuwa anatabasamu, na watu waliokuwa wakicheza, tope likiwafika kwenye vifundo vya miguu, walikuwa wanamwita kwa jina. Sidhani kama yeye mwenyewe alijua. Jua likateremka, muziki ukaendelea. Kisha sauti ilianza kukwaruza, ikakatika. Muyisa alitoa disku, akaifuta kwa shati, akaiangalia kwenye mwanga.

"Ni mavumbi," aliniambia. "Tutaisafisha nyumbani."

Askari waliondoka, na sisi tukashukuru Mungu kwamba hawakuing'oa.

Soko la Beni ni tambarare. Alhamisi asubuhi tulipanda kabinini, godoro la Esdras likiwa limekwisha kutandikwa nyuma. Muyisa alizungusha ufunguo. Kamioni ilitoa mlio mmoja, kama mbwa anayeuma mfupa, ikanyamaza. Alizungusha tena. Hata ule mlio haukuja.

Aliteremka, akafungua sanduku la betri, akagusa nyaya moja baada ya nyingine. Nilimwona akiangalia ile ya kushoto, na uso wake ukabadilika. Alikumbuka maneno ya Jumaine.

"Tusukume," akasema.

Mvua ilikuwa imenyesha. Wabeba mizigo wa sokoni walikuja, wakaweka mabega, wakahesabu, wakasukuma. Magurudumu yalichimba tope, yakakaa. Wakasukuma tena. Kamioni ilisogea kidogo kama mtu anayegeuka usingizini, ikarudi shimoni mwake.

"Hii inaomba kilima!" mmoja alisema akihema. "Mulete kilima kutoka kwenu Butembo!"

Wakati huo habari ikaingia sokoni: wapiganaji walikuwa wameonekana karibu na Mbau, watu wanakimbia. Magari yote yaligeuza pua kuelekea kusini. Muyisa alisimama katikati ya barabara, amenyoosha mikono miwili, akiomba mtu amwazime betri tu, kwa dakika chache, ili moteur iwake. Gari la kwanza lilimkwepa. La pili lilimpigia honi. Dereva wa la tatu alitoa kichwa nje.

"Niko na batoto juu, ndugu! Siwezi kusimama!"

Mimi nilikimbia mpaka kwa muuza mafuta, mpaka kwa fundi wa baiskeli, mpaka kwenye mlango wa misheni. Mdomo wangu huwa mzito mbele ya wageni, lakini siku hiyo niliomba kila mtu. Wenye betri walikuwa wamekwisha kuondoka nazo.

Jua lilikuwa kichwani Kakule alipotokea na gari lake, ametoka kupeleka wagonjwa. Alipotuona hakutania. Alisogeza gari lake ubavuni mwa letu, akaunganisha nyaya, na kamioni ikawaka mara moja, kwa nguvu zote, kana kwamba haijawahi kuwa na tatizo lolote.

"Kwenda," Kakule alisema. "Kwenda upesi."

Tulipofika barrière ya kutokea Beni kwenda Mbau, kamba ilikuwa imefungwa. Nyuma yake watu walikuwa wanaingia mjini kwa wingi, na magodoro kichwani, na mbuzi.

"Gari haipandi kule," askari akasema.

"Chef, niko na mzee kule, kilema, hawezi kutembea. Ninamubeba, ninarudia."

"Bazee bako bengi."

"Nihurumie, chef. Ananingojea."

"Ungekuya asubuhi. Asubuhi njia ilikuwa bule. Magari ilipita, ikarudia."

Muyisa aliegemea usukani. Hatukuzima moteur mpaka jioni, tukiwa pale pembeni ya barrière, tukitazama kila uso uliopita.

Florentine alifika pale barrière siku iliyofuata, alasiri, akiwa na wajukuu wake na kifurushi cha mpunga. Alikuwa peku. Aliponiona alikaa chini palepale barabarani. Muyisa alikimbia, akamwangalia, akaangalia nyuma yake.

"Baba mukubwa iko wapi?"

Florentine alimtazama kwanza, kama anayetaka kuhakikisha ni yeye.

"Ulikuwa hapa?" aliuliza. "Uko mzima? Siye tulisema bamekuua njiani. Nililia juu yako."

Akatueleza. Alhamisi asubuhi majirani walitengeneza tipoyi, mianzi miwili na blanketi katikati, wakaja kumchukua Esdras. Vijana wenye nguvu walikuwa tayari. Esdras alikataa. Jirani yao, mama mzee Kahongya, hakuwa na mtoto wala mume, naye hakuweza kutembea vizuri. Esdras aliwaambia: "Mubebe huyu. Hana mutu. Mimi niko na gari, mwanangu amesema siku ya ine." Walibishana naye. Akawakasirikia. Basi wakambeba Kahongya, naye alifika salama. Esdras aliomba atandikiwe mkeka kando ya barabara, ili Muyisa akifika asipoteze muda. Florentine alikaa naye. Kila mlio wa gari Esdras aliinua kichwa. Risasi ziliposikika karibu, alimwamuru mke wake aondoke na watoto.

"Nilikataa," Florentine alisema. "Akasema, unataka batoto bafe juu yangu? Mimi sifi, Muyisa iko njiani."

Majirani waliorudi Mbau baada ya siku chache ndio waliomkuta Esdras. Hakuwa tena kwenye mkeka. Alikuwa amejivuta kwa mikono, akifuata barabara upande wa Beni. Risasi ilikuwa imempata mgongoni. Walimzika Mbau.

Kilio kilifanyika kwetu Kimemi. Kwetu, kabla waombolezaji hawajatawanyika, mtu wa jamaa husimama na kutoa historique: namna marehemu alivyougua na alivyokufa, ili pasibaki maneno ya chini kwa chini. Kwa sababu Esdras alikuwa amemngojea Muyisa, ilionekana ni Muyisa wa kusimama. Oncle Phinées, ndugu wa mama, alimwita nyuma ya nyumba. Nilikuwa pale naosha sahani.

"Useme vita," alimwambia. "Vita ndiyo imemuua. Ni kweli, ama si kweli?"

"Ni kweli, oncle."

"Basi ishia pale. Mambo ya gari, gari ya kila mutu inaharibikaka."

Muyisa alisimama mbele ya watu. Alianza vizuri. Alisema Esdras alikuwa mtu gani, alisema kuhusu mchikichi, alisema vita. Phinées alikuwa ameanza kutikisa kichwa kwa kuridhika. Hapo Muyisa akageuka upande wa Florentine.

"Asubuhi njia ilikuwa bule," akasema. "Magari ilipita. Yangu haikuwaka, kwa sababu nilipiga muziki kwa betri moja, na fundi aliniambia nizigeuze, sikugeuza."

Akaeleza yote: waya, betri ya kushoto, askari na ndombolo, jua lililoteremka. Wanawake wengi hawakuelewa habari za betri. Lakini madereva waliokaa kwenye mabenchi walielewa, na nikawaona wakiinama mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa magari yao yalikuwa yamefungwa vilevile. Jumaine alikuwa kwenye benchi la mwisho na Waislamu wengine wa mtaa. Alifunika macho kwa mkono.

"Muyisa, inatosha," Phinées akasema kwa sauti ya chini.

"Mumwache amalize," Florentine alisema.

Alimaliza. Florentine alikuwa ameketi mkekani, kichwa kimenyolewa.

"Mume wangu alisema uko njiani," akamwambia. "Alilala pale akisema hivyo. Sasa nimejua ulikuwa wapi. Wasingya, aksanti, umesema. Ikaa."

Chakula kikagawanywa.

Njia ilipotulia, miezi baadaye, Florentine alitaka kurudi Mbau. Muyisa aliosha kamioni, akanunua betri mbili mpya, akaweka mto kwenye siti ya kabini, katikati yetu. Asubuhi Florentine alipofika parkingini na mizigo yake, Muyisa alimfungulia mlango.

"Nitakaa juu na bengine," alisema.

"Mama mukubwa, juu kuko jua kali."

"Ninazoea jua."

Akapanda juu ya magunia na wajukuu wake. Tuliendesha njia nzima na mto ule ukiwa katikati yetu. Muyisa alienda polepole kwenye kila shimo. Mara mbili alisimama, akapanda kumuuliza kama yuko vizuri, na mara mbili nilimsikia akijibiwa kwamba yuko vizuri.

Pale Mbau nilibeba mizigo, nikamfuata nyuma ya nyumba mpaka kaburini. Muyisa alibaki barabarani, mkono kwenye mlango wa kamioni. Hakuna aliyemkataza kuja, wala hakuna aliyemwita. Florentine alisali, akang'oa majani, akazunguka udongo ule mara moja akiupima kwa macho. Tuliporudi, aliingia ndani moja kwa moja.

"Amesema nini?" Muyisa aliniuliza.

"Amesema kaburi linataka kuzungushiwa mawe."

Uso wake ulipata nuru kidogo. "Mawe nitaleta. Siku ya ine nina safari, nitapakia mawe mazuri ya Butembo, kamioni nzima."

Nilitamani nisimjibu.

"Yaya," nikamwambia kaka yangu, "amesema majirani bataleta."

Aliangalia nyumba. Mlango ulikuwa wazi, na ndani tuliwasikia watoto wakigombania kikombe. Alisubiri kidogo, labda akitumaini kwamba mtu angetoka. Kisha alipanda kabinini, akauondoa ule mto, akaniomba niupeleke ndani, nisiseme umetoka kwa nani.